Claude Shannon: Mwanafunzi Aliyeunganisha Swichi na Aljebra

Mtahiniwa, unachokwenda kusoma ni wasifu, si tawasifu. Tofauti yake unaijua: katika tawasifu mtu huandika maisha yake mwenyewe, katika wasifu huandikiwa na mwingine. Anayeandikiwa hapa ni Claude Shannon, Mmarekani aliyefariki mwaka 2001, kabla wewe hujazaliwa. Huenda jina lake hujawahi kulisikia, lakini kazi yake imo ndani ya simu ya nyumbani kwenu, ndani ya mashine ya kutolea fedha benki, na ndani ya kompyuta iliyochapa mtihani utakaoufanya. Soma mara ya kwanza mfululizo. Mara ya pili uwe na penseli na karatasi, kwa kuwa kuna mahali utatakiwa kukokotoa.

Shannon alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916 katika mji wa Petoskey, jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani. Kama wewe ni mtu wa kufunga tarehe kwa matukio ya kwetu ili zisikutoroke, kumbuka hivi: mwezi Juni mwaka huohuo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Korogwe na kisha Handeni, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Mtoto huyo wa Michigan alikuwa hajatimiza hata miezi miwili.

Alikulia Gaylord, mji mdogo wa watu wapatao elfu tatu, mdogo kabisa ukiulinganisha na Handeni mjini au Korogwe mjini ya leo. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na pia hakimu wa masuala ya mirathi. Mama yake alifundisha lugha na aliwahi kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya pale Gaylord. Claude alipenda kuunda vitu: ndege za mfano, mashua iliyoongozwa kwa redio, na telegrafu. Hiyo telegrafu inafaa kuelezwa. Rafiki yake aliishi umbali wa nusu maili, yaani mita 800 hivi. Badala ya kutafuta waya mpya wa urefu huo, Claude aliutazama uzio wa seng'enge uliokuwa kati ya nyumba zao. Seng'enge ni chuma, na chuma hupitisha umeme. Akautumia uzio, wakawa wanatumiana ujumbe. Vijana wa namna hiyo unawajua. Wapo wanaoshinda na mafundi redio na mafundi simu kule stendi ya Korogwe, na walimu wao huwaona kuwa watundu.

Alimaliza sekondari mwaka 1932, akajiunga na Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1936 akatoka na shahada mbili kwa pamoja, moja ya uhandisi wa umeme na nyingine ya hisabati. Hakuchukua mbili kwa sababu ya kutaka sifa. Hakuweza kuamua ni ipi anaipenda zaidi.

Ni katika masomo hayo ya hisabati alipokutana na aljebra ya George Boole, Mwingereza aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka 1854. Boole alitaka kuzigeuza kanuni za kufikiri ziwe hesabu. Sentensi ikiwa ya kweli aliipa thamani 1, ikiwa ya uongo 0. Kisha alionyesha jinsi ya kukokotoa kwa maneno matatu madogo unayoyatumia kila siku: na, au, si. Ukisema leo ni Jumatatu na mvua inanyesha, sentensi nzima ni kweli pale tu sehemu zote mbili zinapokuwa kweli. Ukisema leo ni Jumatatu au mvua inanyesha, inatosha moja kuwa kweli. Kwa miaka mingi aljebra hiyo ilibaki mikononi mwa wanafalsafa na wanahisabati wachache. Mhandisi wa umeme hakuwa na haja nayo.

Mwaka huohuo wa 1936 Shannon aliona tangazo ubaoni. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilihitaji mwanafunzi wa uzamili ambaye, pamoja na masomo, angehudumia mashine kubwa ya kukokotoa iliyobuniwa na profesa Vannevar Bush. Aliomba, akapata. Mashine ilikuwa ya vyuma, gia na mihimili inayozunguka, ikijaza chumba kizima. Lakini sehemu iliyoiongoza ilikuwa ya umeme, na ndani yake mlikuwa na rilei zipatazo mia moja.

Rilei ni nini? Ni swichi isiyowashwa kwa kidole. Ina koili ya waya iliyozungushwa kwenye chuma. Umeme ukipita katika koili, chuma kinakuwa sumaku kwa muda, kinavuta kipande kidogo cha chuma, na kipande hicho kinafunga au kinafungua njia ya umeme mwingine. Umeukuta mlango huu katika mada ya sumaku-umeme. Katika kituo cha kufua umeme cha Hale, wilayani Korogwe, kinachofanya kazi tangu mwaka 1964, na katika vituo vya umeme kwa jumla, rilei ndizo zinazotambua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe kabla mitambo haijaungua. Jambo la kushika ni moja: rilei ina hali mbili tu. Imefunga njia au imeiacha wazi. Hakuna hali ya tatu.

Wengine waliozihudumia mashine za namna ile waliona swichi. Shannon aliona kitu alichokuwa amekisoma Michigan. Hali mbili za rilei ni sawa na thamani mbili za Boole. Swichi mbili zikifuatana katika njia moja, umeme hupita pale tu ya kwanza na ya pili zinapokuwa zimewashwa: hiyo ni "na". Swichi mbili zikiwekwa sambamba, kila moja na njia yake, umeme hupita ya kwanza au ya pili ikiwashwa: hiyo ni "au". Kwa hiyo saketi yoyote ya swichi, hata iwe na maelfu ya nyaya, inaweza kuandikwa kama mlinganyo. Na kitu kikishaandikwa kama mlinganyo, unaweza kukirahisisha kwenye karatasi bila kushika bisibisi.

Shika penseli sasa. Tuseme mwenye mashine ya kusaga pale Mkata anataka mota yake izunguke ikiwa swichi kuu A imewashwa, na pamoja na hiyo ama swichi B ya mlango wa mbele au swichi C ya mlango wa nyuma iwe imewashwa. Fundi asiye na haraka anatengeneza njia mbili. Ya kwanza ina A ikifuatiwa na B, ya pili ina A nyingine ikifuatiwa na C. Swichi nne. Andika kwa aljebra, kuzidisha kukiwa "na", kujumlisha kukiwa "au": AB + AC. Hapo unaona mwenyewe cha kufanya, maana tangu kidato cha pili umekuwa ukitoa kigawo cha shirika nje ya mabano: A(B + C). Sasa ni swichi tatu, A moja ikifuatiwa na B na C zilizo sambamba. Umepunguza swichi moja. Kwa mashine ya kusaga ni jambo dogo. Kwa kampuni ya simu yenye mitambo ya rilei kwa maelfu, ni fedha nyingi.

Angalia lakini usiteleze. Aljebra hii haifanani na ya kawaida kila mahali. Hapa 1 + 1 = 1, kwa kuwa njia mbili zilizo wazi kwa umeme hazifanyi zaidi ya kuupitisha. Na A mara A ni A tu, kwa kuwa swichi ileile ukiiweka mara mbili mfululizo hujaongeza lolote. (Ukija kukutana na maandishi ya Shannon mwenyewe chuoni, utakuta alitumia alama kinyume na hizi, 0 kwa swichi iliyofunga njia ya umeme na 1 kwa iliyoikata. Matokeo ni yaleyale.)

Aliyaandika hayo mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 21, kama tasnifu ya shahada ya uzamili, baada ya kutumia kipindi cha likizo katika Maabara za Bell huko New York, ambako aliona mitambo ya simu yenye rilei nyingi kuliko ile ya chuoni. Mwaka 1938 kazi hiyo ilichapishwa katika jarida la wahandisi wa umeme. Ilimpatia tuzo ya Alfred Noble, ambayo usiichanganye na ile ya Nobel. Ni watu wawili tofauti. Ni haki pia kusema kwamba huko Japani mhandisi Akira Nakashima alikuwa akiandika mambo ya jirani na hayo miaka hiyohiyo. Lakini ya Shannon ndiyo iliyoenea, na kwa maoni yangu sababu ni mifano yake. Mwishoni mwa tasnifu hakuwaachia wasomaji nadharia tupu. Aliwachorea vitu.

Kimoja kilikuwa saketi ya kujumlisha. Kwa namba za mfumo wa pili, zenye tarakimu 0 na 1 pekee, moja kujumlisha moja ni 10, yaani andika 0, beba 1. Tarakimu ya kubeba ni 1 pale tu namba zote mbili zinapokuwa 1, kwa hiyo ni "na". Tarakimu ya kuandika ni 1 pale ambapo moja tu kati ya hizo mbili ni 1. Hiyo ya pili umeiona bila kujua. Katika nyumba ya ghorofa, taa ya ngazi huwa na swichi mbili, chini na juu. Ukibadili moja taa inawaka, ukibadili na ya pili inazimika. Taa ya ngazi inafanya hesabu ya kujumlisha. Panga saketi kama hizo nyingi, nawe una mashine inayojumlisha namba kubwa. Kompyuta zote zilizofuata zimesimama hapo, tofauti ikiwa kwamba mahali pa rilei pamekaliwa na transista, ambazo ni ndogo kiasi cha kuingia mabilioni katika kipande kinachotosha kwenye ukucha.

Kingine kilikuwa kufuli la umeme, na hapa mtahiniwa simama kidogo. Kijana huyo alichora kufuli lenye vitufe vitano. Ili lifunguke, vitufe vilipaswa kubonyezwa kwa mpangilio uliowekwa. Ukibonyeza kimoja vibaya, king'ora kinalia, na hakinyamazi mpaka swichi nyingine iguswe. Mambo mawili yamo humo. La kwanza, kufuli linakumbuka: likishabonyezwa kitufe cha kwanza, rilei inajishikilia yenyewe ikingoja cha pili. La pili, kufuli linatofautisha mwenye siri na asiye nayo kwa hesabu tupu, bila mlinzi. Mama anayetoa fedha kwa wakala pale Kabuku akabonyeza namba ya siri, na huduma ikamfungia kwa sababu amekosea mara tatu, anatumia ndugu mdogo wa kufuli lile la mwaka 1937.

Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1940, na ajabu ni kwamba aliiandikia juu ya jenetiki. Hakuendelea na fani hiyo, nasi tusiendelee nayo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta kazini. Mwaka 1941 aliingia Maabara za Bell, akapewa kazi ya hesabu za kuelekeza mizinga ya kutungulia ndege, kisha kazi ya mawasiliano ya siri. Wakuu wa Marekani na Uingereza walihitaji kuzungumza kwa simu kuvuka bahari ya Atlantiki bila Wajerumani kusikiliza. Mtambo uliojengwa uliigeuza sauti kuwa namba, ukazichanganya namba hizo na namba nyingine za ovyo zilizorekodiwa kwenye sahani za santuri, na upande wa pili wa bahari ukazitoa kwa santuri iliyofanana. Santuri ikishatumika iliharibiwa. Mtambo mmoja ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50, kazi ambayo leo simu ya kiganjani huifanya kila unapotuma ujumbe. Shannon alikuwa miongoni mwa waliokagua hesabu zake. Mapema mwaka 1943 Alan Turing, Mwingereza aliyekuwa akivunja misimbo ya Wajerumani, alikaa Maabara za Bell kwa muda wa miezi kama miwili. Wawili hao walikunywa chai pamoja mara kwa mara. Kila mmoja alikuwa na siri za nchi yake, kwa hiyo hawakuzungumza misimbo. Walizungumza kama mashine itaweza kufikiri.

Vita hivyo vya misimbo vilifika hadi pwani yetu. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo mwezi Aprili 1942, Waingereza walihamishia kituo chao cha kusikiliza mawasiliano ya Wajapani huko Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya sekondari ya Allidina Visram. Fikiria darasa lililogeuzwa kuwa chumba cha kuvunja misimbo. Mwezi Septemba mwaka huo wataalamu wa Kilindini walifanikiwa kuuvunja msimbo wa meli za biashara za Japani. Walisaidiwa na kosa la Wajapani wenyewe: aliyetuma ujumbe alikosea, na kosa lake likafichua jinsi msimbo ulivyopangwa. Miezi michache baadaye walikuwa wakisoma kila ujumbe unaponaswa, na meli za adui, zikiwemo zilizobeba askari, zikawa zinafuatiliwa baharini. Msimbo haukuwa dhaifu kuliko mtu aliyeutumia.

Swali lililomkalia Shannon ni kama kuna msimbo usioweza kuvunjwa kamwe, hata adui awe na muda wote na mashine zote za dunia. Alianza kwa kukubali kanuni iliyowekwa mwaka 1883 na Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi: chukulia kwamba adui anaujua mfumo wako wote, asichokijua ni ufunguo tu. Anayetegemea siri ya jinsi kufuli lilivyotengenezwa ataumia siku fundi wa kufuli atakapohongwa. Jibu lake Shannon aliliandika mwaka 1945 katika taarifa iliyofungiwa kwa siri, na toleo la wazi likachapishwa mwaka 1949. Jibu ni ndiyo, msimbo huo upo. Masharti yake ni kwamba ufunguo uwe wa kubahatisha kabisa, uwe mrefu kama ujumbe wenyewe, utumike mara moja tu, na ubaki siri. (Mrusi Vladimir Kotelnikov alikuwa amefikia jambo hilo mwaka 1941, ila kazi yake nayo ilifichwa na serikali yake.)

Tulifanye. Hesabu herufi za alfabeti ya Kirumi kuanzia A kuwa 0, B kuwa 1, hadi Z kuwa 25. Unataka kumtumia rafiki yako aliye Magoma neno NJOO. Herufi zake ni 13, 9, 14, 14. Mmekubaliana ufunguo 5, 20, 3, 11. Jumlisha, na ikizidi 25 toa 26. Unapata 18, 3, 17, 25, yaani SDRZ. Rafiki yako anatoa ufunguo uleule na kusoma NJOO. Sasa jiweke mahali pa adui aliyeikamata SDRZ. Anajaribu funguo zote. Akifika 7, 3, 6, 25 anapata LALA. Akifika 1, 9, 14, 17 anapata neno jingine la Kiswahili safi, ambalo nakuachia ulitafute. Kila neno la herufi nne linapatikana kwa ufunguo fulani, na hakuna kinachomwambia lipi ni la kweli. Kukamata kwake karatasi hakujamwongezea chochote. Hilo ndilo Shannon alilothibitisha.

Ukiutumia ufunguo uleule mara ya pili mambo yanabadilika, kwa sababu lugha ina tabia zake nazo huanza kujitokeza. Katika Kiswahili herufi a hurudi kuliko zote, na maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Ndiyo maana rafiki akikuandikia nmfk krgw unasoma kwamba amefika Korogwe, ingawa hakuandika irabu hata moja. Herufi ulizozijaza mwenyewe zilikuwa za ziada. Mvunja misimbo huishi kwa ziada hiyo.

Jambo hilo la ziada lilikuwa sehemu ya kazi iliyompa Shannon jina kubwa zaidi, makala ya mwaka 1948 juu ya hesabu za mawasiliano. Humo alionyesha kwamba taarifa inaweza kupimwa kama unavyopima unga kwa kilo. Kipimo chake ni biti, jina alilosema amelipata kwa mwenzake John Tukey. Biti moja ni jibu la swali moja la ndiyo au hapana ambapo majibu yote mawili yana uwezekano sawa. Maneno, picha, muziki, sauti ya bibi yako kwenye simu, vyote hupimwa kwa kipimo hichohicho, na alionyesha pia kikomo cha taarifa kinachoweza kupitishwa katika njia yenye kelele bila kupotea.

Tumia kipimo hicho kwenye namba ya siri ya fedha za simu, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008 kwa M-Pesa. Namba ya tarakimu nne ina nafasi 10,000. Tafuta 2 ipandishwe kipeo gani ili ifike 10,000. Kwa logi: logi ya 10,000 ni 4, logi ya 2 ni 0.3010, na 4 gawanya kwa 0.3010 ni 13.3 hivi. Namba yako ina biti 13 na ushei, ikiwa umeichagua kwa kubahatisha. Wengi hawabahatishi. Huweka mwaka wa kuzaliwa. Miaka ya kuzaliwa ya watu wanaotumia simu, tuseme kuanzia 1950 hadi 2009, ni 60 tu, na 60 haifiki hata 2 kwa kipeo cha 6, ambayo ni 64. Biti 13 zimekuwa chini ya 6. Mwizi aliyeokota simu na kuruhusiwa kujaribu mara tatu, kwanza alikuwa na nafasi 3 katika 10,000. Kwa mwaka wa kuzaliwa ana 3 katika 60, yaani moja katika 20. Na kama anakujua sura na umri, haihitaji hata hesabu.

Wizi mwingine haugusi namba ya siri kabisa. Unaujua ule ujumbe unaoingia kwa mtu asiyemfahamu mtumaji, ukimwambia ile fedha aitume kwenye namba nyingine. Mkulima wa Kwamsisi aliyeuza mahindi, akawa kweli anangoja maelekezo ya kumtumia kijana wake aliye chuoni, anatuma akiba ya msimu mzima kwa mtu asiyemjua. Hakuna saketi iliyovunjwa. Kufuli lilifanya kazi yake barabara, na mwenye ufunguo akafungua mwenyewe. Somo la usalama wa mifumo ya kielektroniki vyuoni siku hizi lina upande wa hesabu, ambao Shannon aliujengea msingi, na lina upande huu wa pili ambao mlinganyo wake bado haujaandikwa. Ukiwa nyumbani likizoni, wasomee wazazi ujumbe wa namna hiyo, uwaulize wangefanyaje.

Maisha yake ya nje ya makaratasi hayakuwa na makeke. Mwaka 1949 alimwoa Betty Moore, mwanahisabati wa Maabara za Bell, wakapata watoto watatu. Ndoa ya kwanza ilikuwa imevunjika. Alipenda kurusha mipira mingi hewani kwa zamu, na kupanda baiskeli ya gurudumu moja katika korido za ofisi. Mwaka 1950 aliunda panya wa bandia aliyemwita Theseus, anayetafuta njia katika kizimba cha vyumba 25. Akishaipata, mara ya pili hapotei. Akili haikuwa ndani ya panya. Ilikuwa chini ya sakafu, katika rilei za simu zilezile alizozianza chuoni. Kuanzia mwaka 1958 alikuwa profesa wa kudumu katika taasisi aliyosomea, hadi alipostaafu mwaka 1978. Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeshafika hata kwetu, ya kwanza ikiwa imewekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya majonzi. Alipatwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo, na dunia ilipoingia katika intaneti na simu za mkononi yeye hakuwa tena na uwezo wa kufahamu kwamba vimetokana na hesabu zake. Mwezi Oktoba 2000 watu wa Gaylord walimzindulia sanamu katika bustani ya mji. Alifariki tarehe 24 Februari 2001 huko Medford, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa katika makaburi ya Mount Auburn. Mbele ya jiwe la kaburi kuna jina lake. Nyuma yake, upande ambao wapita njia hawauoni, kumechongwa mlinganyo wa kupimia taarifa.